Mkwe Aliyemuua Farasi

Algot Hillerström alipofikisha miaka hamsini na minane alikuwa ameshakufa mara thelathini na saba. Alinyongwa, alipigwa risasi, aliporomoka kutoka mnara wa kanisa, aligongwa na treni, na mara moja alikabwa na mwiba wa samaki, kifo ambacho mwenyewe alikiona cha aibu. Hata mara moja hakufa kwa kuonewa. Mungu alimpa macho ya kijivu yaliyozama ndani, pua kama mdomo wa kipanga, na sauti nzito iliyotambaa sakafuni kama maji ya baridi. Watengeneza filamu wa Stockholm walipomwona tu, walisema kwa kauli moja: "Huyu ni muuaji." Na kweli akawaulia watu wengi, jukwaani na kwenye sinema, kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Jumapili alivaa aproni akaoka mikate ya mdalasini. Nyigu akiingia ndani, alimfungulia dirisha na kumsihi atoke. Na mkewe, Disa, akimpandishia sauti, alikimbilia jikoni kuosha vyombo visivyo vichafu.

Disa alikuwa mnong'onezi wa jumba la michezo ya kuigiza. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kishimo mbele ya jukwaa, kitabu mkononi, na kumrushia maneno mwigizaji aliyesahau. Algot alikuwa msahaulifu wa kupindukia, kwa hiyo aliipenda sauti ile kabla hajamjua mwenye sauti. Walipomzaa binti yao, Ylva, Disa aliacha kishimo, ila kila mchezo mpya waliusoma pamoja mezani jikoni, hadi mistari ikamkaa mumewe kichwani. Mtoto hawakupata mwingine.

Ylva alikua, akasomea udaktari wa mifugo, akapelekwa kufanya kazi kaskazini, Hälsingland. Mwezi wa Mei mwaka 1962 akarudi nyumbani kwa likizo ya siku mbili. Hakusubiri hata kuvua koti.

"Baba, mama, nimepata mchumba. Anaitwa Halvar. Ni mkulima, anatoka shamba la Jon-Ers. Nilimzalishia farasi wake usiku kucha, asubuhi akaniuliza kama nitakula uji. Harusi mwishoni mwa Juni."

Disa alimkumbatia. Algot alimkumbatia. Kisha Ylva akakaa, akaanza kuzungusha kikombe.

"Ila kuna jambo moja. Mama yake, Mama Göta, hamtaki baba."

"Hajaniona hata siku moja!" Algot alisema.

"Amekuona, baba. Mara mbili. Mara ya pili alitoka kabla ya mwisho."

"Filamu ipi?"

"Ile ya farasi."

Algot akaweka kijiko chini. Ile ya farasi ilikuwa na miaka tisa tangu itoke, na bado muuza samaki wa mtaani kwao alimfungia samaki bila kumtazama usoni. Katika filamu ile alimlisha farasi wa mjane sukari yenye sumu, huku anatabasamu.

"Mama Göta anasema mtu anaweza kuigiza hasira," Ylva aliendelea, "anaweza kuigiza ulevi, hata wazimu. Lakini tabasamu lile, anasema, haliigizwi. Lazima liwe la mwenyewe."

Disa aliangua kicheko hadi akajishikilia meza.

"Unacheka?" Algot akauliza.

"Sasa nilie? Mwanamke ana jicho. Lile ndilo tabasamu bora ulilowahi kutoa."

*

Jumatatu ya wiki ya harusi walishuka kwenye treni, sanduku moja na keki mbili mkononi. Halvar aliwapokea kwa lori la maziwa. Alikuwa kijana mrefu, masikio mekundu, mwenye kuona haya. Alimwita Algot "mzee" kila baada ya maneno matatu, na alipobadilisha gia aliomba radhi.

Mama Göta alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba kubwa nyekundu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mabega mapana, nywele amezisuka na kuzizungusha kichwani kama kamba ya nanga. Nyuma yake alisimama mumewe, Anselm, mtu mkimya kiasi kwamba padri alipomwuliza kanisani kama anamtaka Göta, watu walikumbuka jibu lake kwa miaka.

Enzi zile humwambii mgeni wa heshima "wewe". Unamtaja kwa cheo chake, uso kwa uso, kama mtu aliyeko chumba cha pili.

"Bwana Mwigizaji atakunywa kahawa?" Göta aliuliza, macho kwenye saa ya ukutani.

"Bwana Mwigizaji atashukuru sana," Algot alijibu.

"Bwana Mwigizaji anatia sukari?"

Neno lile lilianguka mezani kama jiwe. Halvar akatazama viatu vyake. Ylva akafumba macho.

"Hapana," Algot alisema upesi, ingawa tangu utotoni alitia vijiko vitatu. Akainywa ile kahawa nyeusi kama lami, akajikaza kisabuni, akala aina zote saba za biskuti bila kuruka hata moja, akasifu kila aina kwa jina lake. Göta hakupata pa kumkamata. Lakini jioni Ylva alimvuta mama yake pembeni.

"Mama, zizi la farasi limetiwa kufuli. Jipya."

"Usimwambie baba yako," Disa alisema, na papo hapo akaenda kumwambia.

Algot hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha wageni, miguu yake mirefu ikigusa ukuta wa mbele, akasema, "Disa, mimi nimezoea kuchukiwa na watu nisiowajua. Hilo ni mshahara wangu. Lakini huyu ndiye bibi wa wajukuu zangu."

"Wajukuu gani? Hata harusi bado."

"Watakuja. Na atawafundisha kunikimbia."

*

Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, Hilding mhunzi alianguka kutoka juu ya paa lake na kuvunjika mguu.

Habari hizo ziliingia Jon-Ers kama habari za vita. Kwa maana kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Juni, wanakijiji walicheza mchezo wao wenyewe katika uwanja wa nyumba za kale. Uliandikwa zamani na mwalimu mmoja wa shule. Ulimhusu mkulima Erk, aliyegombana na mkewe Barbro, akaondoka kwenda kukata miti misitu ya mbali. Barbro akaapa hatamwambia mumewe neno hata moja mpaka aje amwombe msamaha mbele ya kijiji kizima. Miaka saba baadaye Erk anarudi, amemshika farasi, na kuomba. Watu walitoka parokia tano kuja kuutazama. Göta alikuwa Barbro kwa miaka kumi na minane. Erk alikuwa Hilding.

"Basi," Göta alisema mezani, akigawa viazi kama anayegawa rambirambi. "Mwaka huu hakuna mchezo."

"Mama," Halvar alisema, masikio yakizidi wekundu, "mbona kuna mwigizaji hapa mezani?"

Göta akaacha kugawa viazi.

"Kweli," alisema Anselm.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshaendelea kula.

"Erk ni mtu mwema," Göta alisema polepole. "Bwana Mwigizaji amewahi kuigiza mtu mwema?"

Algot alifikiri kwa uaminifu. "Mwaka thelathini na nne. Nilikuwa bawabu. Nilisema, 'Karibuni ndani.'"

"Ikawaje?"

"Ilikuwa nyumba ya wezi."

Pembe ya mdomo wa Göta ilicheza. Aliificha kwa kipande cha mkate.

"Nitamcheza Erk," Algot alisema, "kama Mama Göta atakubali. Ila lazima niseme ukweli kwanza. Nawaogopa farasi."

Göta akashusha uma. "Anaogopa nini?"

"Farasi. Tangu nikiwa na miaka sita. Mmoja alinila kofia, na mimi niko chini yake."

"Na kwenye ile filamu? Ule mkono uliompa yule jike sukari?"

"Ule mkono si wangu! Ni wa mtunza farasi, mtu mmoja anaitwa Knut. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jengo. Nisingemsogelea farasi yule hata kwa kamba."

"Lile tabasamu je?" Göta alikuwa ameshasimama. "Asiniambie tabasamu pia ni la Knut!"

"Hilo ni langu," Algot alikiri. "Tulikuwa tumepiga picha tangu alfajiri, sijala kitu. Mwongozaji akaniambia, 'Mtazame farasi kwa mapenzi.' Farasi hayupo. Ndipo nikamwona Disa amesimama nyuma ya kamera, ameniletea soseji."

"Na haradali," Disa aliongeza.

Göta akamtazama Disa, akamtazama Algot, akamtazama tena Disa. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa namlaani mtu kwa sababu ya mkono wa Knut na soseji!" Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha mwanamke aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, vikombe vikatikisika kabatini. Anselm naye akacheka, bila sauti, machozi yakimtiririka.

Alipopata pumzi, Göta alikwenda kabatini, akatoa chupa na vijiglasi viwili. Akasimama mbele ya Algot.

"Vyeo tuviweke chini," alisema. "Mimi ni Göta."

"Mimi ni Algot."

Wakanywa.

"Sasa nisikilize wewe, mkwe," Göta alisema, akiitamka "wewe" kwa raha zote. "Kucheka nimecheka. Lakini Erk si mchezo. Hilding analia machozi ya kweli kila mwaka. Ukinivurugia Barbro wangu mbele ya parokia tano, nitakurudisha Stockholm kwa miguu, harusi iwepo isiwepo."

*

Jumatano asubuhi kufuli la zizi lilikuwa limeondolewa. Ylva alimtoa Brunte, farasi mpole wa rangi ya kahawia, mwenye kwato kama sahani. Baba yake alisimama hatua kumi nyuma, kamba ya hatamu ikining'inia mkononi.

"Sogea, baba."

"Hapa nilipo pananifaa."

"Hatamu haifiki hapo. Sogea. Usimwendee usoni, mwendee begani. Ndiyo hivyo. Sasa mpe pumzi yako, ainuse. Wao ndivyo wanavyosalimiana."

Algot akavuta pumzi, akapuliza. Brunte akapuliza pia, pumzi ya moto yenye harufu ya majani, ikamwingia Algot hadi kwenye kola. Algot akafumba macho, lakini hakukimbia. Walizunguka uwanja mara moja, mara tatu, mara kumi, baba, binti na farasi, na baada ya muda Algot alianza hata kutazama mbele badala ya kutazama meno.

"Umejulia wapi haya yote?" alimwuliza binti yake.

"Chuoni. Hukuja kuniona siku ile tulipopewa vyeti."

"Nilikuwa wapi?"

"Göteborg. Ulikuwa unanyongwa." Ylva alisema hivyo akicheka, bila kinyongo chochote. "Mama alikuja na kamera. Ilikuwa siku nzuri, baba. Tulikuachia kiti wazi, tukaweka mabegi."

Halvar akamwita Ylva kutoka ghalani, naye akaenda. Algot akabaki ameshika hatamu. Alimtazama binti yake akivuka uwanja kwa hatua ndefu, mikono mfukoni, kama mtu aliyezaliwa pale. Hakujua hatua zile kazitoa wapi. Hakukumbuka kumwona akijifunza kutembea. Alijua tu kwamba siku moja alirudi kutoka ziara ya majira ya baridi, na mtoto akaja mlangoni kwa miguu yake.

Mchana ule alijifunza maneno ya Erk. Yalikuwa sentensi tisa za msamaha, za kizamani na nzuri, na Disa alimsomea mpaka yakakaa sawa. "Unayo," Disa alisema. "Hata ukiamshwa usingizini."

*

Alhamisi jua lilichomoza kama limealikwa. Watu wapata mia nne walijaa mabenchini na nyasini, vikapu vya kahawa miguuni. Hilding mhunzi aliletwa juu ya mkokoteni, mguu wa plasta umenyooshwa mbele kama mzinga, akawekwa safu ya kwanza ili amchunguze mrithi wake. Anselm alikaa pembeni na fidla yake. Kazi yake ilikuwa kuanza kupiga mara Barbro atakaposamehe.

Nusu ya kwanza ilipita salama, maana mchezo ulianza Erk akiwa ameshaondoka. Kisha Algot akatokea nyuma ya ghala, amevaa koti la ngozi na kofia pana, amemshika Brunte.

Mtoto mmoja wa kike akasimama juu ya benchi. "Mama!" alipiga kelele. "Ndiye yule aliyemuua farasi!"

Watu mia nne wakashika pumzi. Brunte naye, ambaye hakuwa ameitazama filamu yoyote, akaegemeza kidevu chake kizito begani mwa muuaji, akafunua midomo, na kuanza kumla kofia.

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Hilding alicheka, akashika mguu wake, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Algot aliivuta kofia, Brunte akaivuta, na hatimaye ukingo wake ukabaki kinywani mwa farasi. Mtu wa zamani ndani ya Algot, yule wa miaka sita, alitaka kulala chini na kujifunika uso. Lakini alisimama. Akamfunga Brunte kwenye nguzo, kama ilivyoandikwa, akasonga mbele hadi alipoketi Göta akisokota sufu, mgongo amempa.

Vicheko vikatulia. Akafungua kinywa.

Hapakuwa na kitu. Sentensi zote tisa zilikuwa zimekwenda na kofia.

Alifanya alichofanya maisha yake yote: akamtafuta Disa. Alikuwa safu ya tatu, kando ya Ylva na Halvar. Disa naye alifungua kinywa kumrushia neno, kisha Algot akaona uso wa mkewe ukibadilika. Kitabu kilikuwa kimebaki kitandani, na yeye maneno yale alikuwa ameyasoma, hakuwa ameyahifadhi. Naye Göta, aliyeyajua yote hadi nukta, hangeweza kumsaidia, maana Barbro ameapa kutotamka neno.

Mtu akakohoa.

"Nimerudi," Algot alisema mwishowe.

Hilding akainua kichwa. Neno hilo halimo.

"Nimerudi," alisema tena, na sauti yake safari hii haikutambaa sakafuni. Ilitoka juu juu, kama ya mtu anayeongea mlangoni na hajui kama avue viatu. "Nimekuwa nikirudi miaka yote. Kila mara nilifika mmeshalala. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa sahani. Nilikula nimesimama, ili nisiburute kiti. Kisha niliingia chumbani kwa mtoto kumbusu, na nilikuwa na haraka hata rangi za jukwaani sikuwa nimefuta. Asubuhi alikwenda shule na alama nyekundu shavuni. Mwalimu akamwuliza umeumia? Akasema hapana, ni baba."

Hakuwa akimtazama Göta tena. Alitazama safu ya tatu.

"Nilidhani mtu akishaingia mlangoni basi amerudi. Kumbe kurudi ni kazi kama kazi nyingine, na mimi kazi hiyo sikujifunza. Mtoto alijifunza kutembea, sikuwepo. Alipewa cheti, kiti changu kikakaliwa na mabegi. Na mwanamke huyu, aliyeniwekea maneno yote kinywani maisha yangu yote, sidhani kama niliwahi kumpa hata moja la kwangu. Basi hili hapa. Hakuna aliyeninong'oneza. Nisamehe."

Ylva alikuwa ameficha uso kwenye bega la Halvar. Disa alikaa wima kabisa, mikono magotini.

Sasa ilikuwa zamu ya Barbro. Kwa miaka kumi na minane Göta aligeuka pale polepole, kichwa juu, akasema neno lake la kwanza katika miaka saba: "Ingia, Erk." Safari hii aligeuka haraka, na uso wake ulikuwa umelowa hadi kidevuni. Akafungua kinywa. Akakifumba. Sufu ilimdondoka. Algot alisubiri, watu mia nne walisubiri, na Anselm alisubiri, upinde wa fidla umeinuliwa hewani, mpaka mkono ukaanza kumuuma.

"Mjibu basi, mwanamke!" Anselm alinguruma.

Watu walisimama mabenchini, wengine wakicheka, wengine wakilia, wengi wakifanya yote mawili. "Ingia!" Göta alisema, akisahau hata jina. "Ingia ndani, mtu wee, ingia!" Na fidla ikaanza.

Makofi yalipokwisha, Hilding alikuwa akilalamika juu ya mkokoteni wake. "Hayo maneno hayamo kwenye mchezo! Hata moja! Yaliyomo mimi nimeyasema miaka kumi na minane, neno kwa neno, na hakuna aliyelia hivi."

"Wewe Hilding ulikuwa unalia mwenyewe," Göta alimwambia, akijifuta pua kwa aproni ya Barbro. "Sisi ungetuachia nini?"

Yule mtoto wa kike alimfuata Algot, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza kama farasi ataumwa tumbo kwa ile kofia. Ikabidi Daktari Ylva aitwe atoe maelezo.

Algot alimkuta mkewe nyuma ya ghala, penye kivuli.

"Ulisahau," Disa alisema.

"Nilisahau."

"Yote tisa."

"Yote tisa. Nilisema vibaya?"

Disa alimshika kola, akaondoa jani lililokwama pale, akairekebisha, akaiharibu, akairekebisha tena. "Ulikosea jambo moja tu," alisema. "Chakula chako sikuwa nakifunika kila siku. Mara nyingine nilikila."

"Nilijua," Algot alisema. "Sahani tupu haifunikwi kwa sahani."

Akamvuta kifuani, na walikaa vile mpaka Ylva alipotokea kwenye kona. Alikuja akajisukuma katikati yao, mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, kama alivyokuwa akifanya Jumapili asubuhi alipokuwa mdogo.

*

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ylva na Halvar waliingia kanisani bega kwa bega, na masikio ya Halvar yalionekana kutoka safu ya mwisho. Karamu ilifanyika ghalani, chini ya matawi mabichi, penye samaki wa siki, viazi vipya, na keki ya malai yenye ghorofa nne ambayo Göta hakumruhusu mtu kuikata isipokuwa Disa. Watoto walimzunguka Algot wakidai sura ya muuaji. Aliwapa, wakakimbia wakipiga mayowe, wakazunguka ghala, wakarudi kudai nyingine. Muziki ulipoanza Göta alimburuta uwanjani.

"Sijui ngoma hii," Algot alisema.

"Hata Erk hukumjua. Zunguka!"

Akazunguka. Alimkanyaga vidole mara sita, na kila mara Göta aliwatangazia watu idadi.

Tikiti za kurudi zilikuwa za Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo hali ya hewa ikawa nzuri kwa kukausha nyasi za mifugo, na Waswahili wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jon-Ers walivumilia hadi ya nane, wakampa reki. Algot alimpigia simu mwongozaji wake mjini akamwambia hatafika wiki hii, wala ijayo, na aliposikia mtu anaanza kupandisha sauti upande wa pili, hakukimbia kuosha vyombo. Alimtakia majira mema ya joto, akakata.

Kwa siku tano walikusanya nyasi, wote sita. Algot alipata malengelenge kila kidole na shingo nyekundu kama ya Halvar. Anselm, ambaye hakuwa amesema neno tangu Alhamisi, alimwonyesha kwa mikono jinsi ya kutundika nyasi kwenye nguzo zikauke. Alipofanikiwa alimpiga kofi la mgongoni lililomwangusha.

Siku ya mwisho, mzigo wa mwisho ulipoingia ghalani, wote waliteremka ziwani kama walivyo, na vumbi la majani limewaganda jashoni. Halvar na Ylva waliingia wakikimbia wameshikana mikono. Göta aliingia kama meli inayozinduliwa, na mawimbi yakafika hadi kwenye gati. Anselm alimfuata, akipiga mbizi bila kurusha tone. Algot alisimama ukingoni mwa gati, kidole kimoja cha mguu majini, akatetemeka, akakitoa.

Disa alikuwa ameshafika kwenye kina, nywele zimemlala usoni, anacheka.

"Njoo!" alimwita. "Maji si baridi hata kidogo!"

Midomo yake ilikuwa ya bluu. Algot aliiona vizuri kabisa kutoka pale alipo. Akaziba pua, akaruka.